Chuma cha Mwavuli na Vikapu Vitatu

Mmeniomba, ninyi wa stoo yetu ya vikapu, niandike miaka yangu ya kazi kabla kumbukumbu hazijachakaa. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Funguo za stoo nimemkabidhi Biira mbele yenu wote, pamoja na madaftari, mizani isiyosema kweli na kile kiti chenye mguu mfupi. Mmoja wenu aliuliza mbona sikumkabidhi pia chuma cha mwavuli nilichosukia miaka yote. Nilijibu kwamba nitakitoa baadaye. Sababu iko humu, na nitaifikia kwa mpangilio wake.

Kazi hii niliianza nikiuza kitu kingine. Nilikuwa nikinunua samaki wakavu Kahendero, nawaleta hapa Bwera, mpakani upande wa Uganda, na siku za soko navuka daraja la Mpondwe kuwauza upande wa Kongo. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, gunia langu lilipasuka katikati ya watu. Mwanamke aliyekuwa akiuza vikapu kando yangu akanirushia kimoja bila hata kuniuliza jina.

"Tia samaki yako humo, mama. Utarudisha."

Sikurudisha. Kikapu kile nilikwenda nacho mpaka Kasese mjini, na huko mgeni mmoja wa Ulaya, mwanamke aliyekuwa akingoja kupanda mlima, akasimama mbele yangu. Nikamwonyesha samaki. Akatikisa kichwa, akaonyesha kikapu. Nikamwonyesha samaki mkubwa zaidi. Akacheka, akaonyesha kikapu tena. Alikuwa na duka dogo kwao, na alipofika kwao akaandika akitaka vikapu kumi na viwili. Ndivyo biashara yetu ilivyozaliwa: mnunuzi alijua ninachouza kabla yangu.

Siku ya soko iliyofuata ujumbe wake nilivuka kumtafuta mwenye kikapu.

"Nimekuja kurudisha kikapu chako, lakini sinacho."

"Umekipoteza?"

"Nimekiuza."

Alinitazama kidogo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi uko mwizi mwenye haya. Wa hivyo beko wachache. Jina yako nani?"

"Kabugho."

"Aa! Na mimi Kavugho."

Ni jina lile lile, la msichana wa tatu kuzaliwa. Mto wa mpakani tu ndio umebadilisha herufi moja. Tangu siku hiyo aliniita ndoyi, yaani wajina, nami nikamwita hivyo hivyo, na sidhani kama tuliwahi kuitana kwa jina lingine.

Ndoyi alikataa kuniuzia vikapu kumi na viwili. Alisema mtu hawezi kuuza kitu ambacho vidole vyake havijui kinavyouma. Kwa hiyo nilikaa kwake wiki nzima, mwendo wa nusu saa kutoka darajani, nikajifunza kusuka. Unachukua mabua ya ulezi, unayafunga kuwa kamba nene kama kidole. Unaizungusha kamba hiyo kuanzia katikati ya kitako, na kila mzunguko unaushona kwenye uliotangulia kwa uzi wa rafia. Tundu la kupitisha uzi unalitoboa kwa chuma. Chuma chake kilikuwa ubavu wa mwavuli mbovu, kimenolewa kwenye jiwe na kutiwa mpini wa mti. Siku ya saba alinitengenezea changu. Ndicho hicho.

Jambo kubwa lilikuwa uzi. Rafia kavu hukatika, kwa hiyo lazima ilainishwe. Mimi nilileta bakuli la maji. Ndoyi akalisukuma kwa mguu.

"Maji inalegeza," alisema. "Mate inashika." Akapitisha uzi katikati ya midomo yake, polepole, kama mtu anayepuliza zumari, ukatoka umenyooka na unang'aa. Wanawake wote kumi na mmoja wa kikundi chake walifanya hivyo. Mlipenda kuniuliza zamani kwa nini wasukaji wa ng'ambo ni wakimya. Hawakuwa wakimya hata kidogo. Walikuwa na nyuzi mdomoni. Ndoyi alisema hiyo ndiyo faida ya kazi: mwenye uzi mdomoni hasengenyi mtu.

Nami huku kwetu nikaongeza la kwangu. Kikapu kikifika stoo huwa na ncha za nyuzi zimechomoza kama ndevu za mbuzi. Mkasi hukata mbali kidogo, lakini meno hukata pale pale. Kwa hiyo niliwafundisha wote waliofanya kazi nami Bwera kung'ata ncha na kuzitema kiganjani. Nilijisifu sana kwa ugunduzi huo.

Makosa ya mwanzo yalikuwa mengi. Vikapu vya kwanza kabisa nilivihifadhi chumba kimoja na samaki. Mnunuzi aliandika kwa adabu akiuliza harufu ile ni ya mti gani. Vingine nilivianika juani vikapinda, vikawa vinakaa mezani kama kuku aliyeatamia. Nilijifunza kupima midomo ya vikapu kwa sahani moja ya bati, kuvikausha kivulini, na kurudisha kikapu kibovu nikimtazama msukaji machoni, kwa sababu ukirudisha kupitia mtu mwingine unatengeneza adui.

Darajani pia nilijifunza kuongea.

"Mama! Fungua mzigo! Haraka!"

"Ni vikapu, afande."

"Vya nini?"

"Vya kuwekea vitu, afande."

"Vitu gani?"

"Bado havina, afande."

Ukijibu hivyo bila kutabasamu, unapita. Ukitabasamu, unakaa mpaka jioni.

Miaka ikaenda. Wakati mwingine ng'ambo kulikuwa na milio ya risasi, wanawake wakakimbia na mabua yao kichwani, wakarudi baada ya siku kadhaa wakaendelea pale mzunguko ulipoachwa. Ukivitazama vizuri vikapu vya wakati huo, unaona mahali ambapo mkono ulitetemeka. Nilikuwa navipeleka hivyo hivyo. Mnunuzi hakuwahi kulalamika.

Kisha, miaka ya mwisho ya muongo ule, ikaja Ebola huko Kongo, upande wa Beni na Butembo. Mnaikumbuka wote. Darajani wakaweka madumu ya maji ya dawa na vijana wenye kipimo cha homa kama bastola, wanakulenga kwenye paji la uso, unashusha pumzi wakisema pita. Tuliacha kushikana mikono. Tulisalimiana kwa viwiko kama watu waliogombana. Lakini soko liliendelea, kwa sababu watu wanaokula kila siku hawawezi kungoja ugonjwa umalize safari yake. Nami nilikuwa na oda ya vikapu arobaini, kubwa kuliko zote. Katika mwaka ule hao wanawake kumi na mmoja hawakuwa na kazi nyingine. Mashamba yao walikuwa wameyakimbia.

Ndoyi alivileta mwenyewe, siku ya Jumatano. Alipimwa darajani akapita. Aliketi kwenye benchi la stoo yetu Bwera akafungua mzigo, na kikapu cha mwisho kilikuwa hakijafungwa ukingo.

"Ulikuwa unaharakisha?" nikamtania.

"Kichwa iko inaniluma tangu asubuhi. Ni jua tu. Leta chuma yako, tumalize pamoja."

Tukamaliza pamoja. Yeye alilainisha uzi, akashona mishono yake, akanipa. Nami nikaupokea uzi ule ule, nikaupitisha midomoni mwangu, nikashona, nikamrudishia. Ulikuwa uzi mrefu. Tulipofika mwisho akaubonyeza ukingo kwa kidole gumba, akasema, "Hii usiuze haraka. Iko na mikono mbili." Akanywa maji, akaondoka kabla ya saa kumi. Sikumsindikiza hadi darajani kwa sababu nilikuwa na kazi.

Simu ilikuja Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi. Alikuwa mmoja wa wasukaji wake. Alisema Kavugho amekufa, ni ugonjwa ule, wamemzika watu waliovaa mavazi meupe na hakuna aliyemwosha wala kumgusa. Alisema, "Mama, na ninyi mujiangalie." Simu ikakata.

Biira alikuwa ndani. Wakati huo alikuwa na miaka miwili tu kazini, na mtoto wa miezi saba anayemnyonyesha. Alikuwa ameketi katikati ya vikapu arobaini, anasafisha ncha, kwa sababu teksi ya kuvipeleka Kasese ilikuwa inakuja saa sita.

Sasa nimefika. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilisimama mlangoni na simu mkononi. Biira akachukua kikapu, akakizungusha, akang'ata, akatema kiganjani. Sikusema kitu. Niliwaza teksi. Niliwaza wanawake kumi na mmoja. Niliwaza pia, na hili ndilo baya zaidi, kwamba labda si kweli, na kwamba nikinyamaza itaendelea kuwa si kweli. Akamaliza kikapu cha kwanza, akachukua cha pili.

"Mama, mbona umesimama kama mlingoti? Wa teksi anasema anachelewa?"

"Hapana."

"Basi kaa, unaniziba mwanga."

Alimaliza cha pili. Alimaliza cha tatu. Alikuwa anaimba puani, kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Aliponyoosha mkono kuchukua cha nne ndipo niliposema, "Biira, tema."

"Nini?"

"Tema. Usiguse uso wako. Weka mikono hivyo hivyo."

Nilimwambia. Aliangalia mikono yake, akaangalia kona ambayo mtoto alikuwa amelala juu ya gunia, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Baadaye, tulipokwisha kunawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, tusiseme. Sisi hatuumwi. Tukisema watachoma vyote, watatufungia, na watu wa hapa Bwera hawatanunua kwetu hata kiberiti."

"Najua."

"Basi?"

"Vikapu hivi vitashikwa na watu wa Kasese, na wa kiwanja cha ndege, na yule mama kule Ulaya. Na wewe una mtoto."

"Mtoto wangu usimtaje," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu hivyo, na ilikuwa haki yake.

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye kituo cha afya cha pale darajani. Musawo, mganga kijana mwenye miwani, aliniuliza kama mtu anayejaza fomu ya kumi siku hiyo.

"Marehemu uligusana naye, mama?"

"Hapana."

"Uligusa kitu chake?"

"Uzi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mdomo."

Aliacha kuandika. Akarudi nyuma hatua mbili. Nilimweleza yote, jinsi tunavyolainisha rafia, jinsi tunavyong'ata ncha. Aliuliza mara ya pili kana kwamba sikusema vizuri. Kisha akafuatana nami kwa mbali, na alipofika stoo akamuuliza Biira naye.

"Mama aliniambia pale pale simu ilipokata," Biira akasema. "Kama si yeye ningeng'ata vyote."

Musawo akaniangalia, akaandika. Nami nikanyamaza mara ya pili.

Vikapu walivichoma mchana huo huo, kwenye shimo nyuma ya stoo. Ulezi ukiungua hunuka kama uji uliosahaulika jikoni. Kile cha mikono miwili niliomba wakiache. Musawo alisema, "Mama, hicho ndicho cha kwanza." Nilitupa na chuma changu humo kwa sababu nacho nilikishika siku ile. Walipoondoka na majivu yakapoa, niliona mpini umeungua na chuma kipo. Nilikichukua kwa kipande cha bati.

Tukawekwa chini ya uangalizi, siku ishirini na moja, kila mtu kwake. Mimi hesabu yangu ilianza Jumatano ya benchi. Ya Biira ilianza Jumanne ya simu. Mtoto akapelekwa kwa bibi yake Kisinga, akaachishwa ziwa siku moja bila kuandaliwa, naye akawa anapimwa huko huko. Kila asubuhi musawo alikuja na kipimo chake. Kila asubuhi jirani yangu alisimama upande wa pili wa uzio.

"Mama Kabugho! Bado uko?"

"Bado niko."

"Haya. Nimekuwekea viazi kwenye jiwe."

Sikuogopa sana kwa ajili yangu. Mimi niliweka mdomoni bila kujua. Lakini kila nilipofumba macho niliona vile vikapu vitatu, kimoja kimoja, na mkono wa Biira ukivizungusha.

Siku yangu ya kumi na saba, ambayo kwake ilikuwa ya kumi na moja, musawo alichelewa kuja. Alipokuja alisimama mbali kuliko kawaida.

"Mwenzako amepata homa."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kumchukua."

Walimpeleka kwenye hema la kutenga wagonjwa. Damu ilichukuliwa, ikatumwa, jibu la kwanza likasema hana. Lakini musawo alisema homa ikiwa changa kipimo kinaweza kudanganywa, lazima damu ichukuliwe tena baada ya siku tatu. Siku tatu hizo sikusuka, sikupika, sikulia. Nilikaa kwenye kizingiti nikinoa kile chuma kwenye jiwe mpaka ncha ikawa haina kazi tena. Mama yake Biira alinipigia kutoka Kisinga. Sikujua nitamjibu nini, lakini yeye alisema, "Asante kwa kumwahi binti yangu. Mungu akulipe." Nikasema amina. Hiyo ndiyo mara ya tatu ya kunyamaza.

Siku ya nne musawo alikuja akipiga kelele kutoka barabarani kabla hajafika uzioni: "Malaria! Mama, ni malaria!" Jirani yangu akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia malaria ikipokelewa namna ile.

Siku zetu ziliisha, mimi kwanza, Biira baadaye. Mtoto wake alikataa ziwa aliporudishwa. Biira hakuniambia hilo. Nililiona mwenyewe.

Mnunuzi nilimwandikia kila kitu: ugonjwa, moto, na kwamba vikapu vyote alivyouza miaka saba vilipita midomoni mwa watu. Biira alisema, "Hata la mdomo unamwambia?" Nilimwambia hata hilo. Alijibu kwa mstari mmoja akiuliza kama tu wazima, kisha kimya kwa zaidi ya mwaka. Alipoandika tena alitaka kumi na viwili, kama mwanzo. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningeanza na sita.

Niliporuhusiwa kuvuka nilikwenda kuwapa pole wasukaji wa ndoyi. Kiti cha ndoyi, kigoda kidogo, kilikuwa mahali pake na hakuna aliyekikalia. Hatukukumbatiana. Tulilia kila mtu akiwa kwenye mkeka wake, mikono mapajani. Kisha nikawapa mabakuli, kila mmoja lake, nikasema kuanzia leo ni maji.

"Maji inalegeza," mmoja akasema, na wote tulijua maneno yale ni ya nani.

Inalegeza kweli. Ndiyo maana sasa tunashona ukingo mara mbili, na ndiyo maana ninyi mnatumia mkasi, na ndiyo maana nilimfukuza kazi yule aliyeng'ata ncha mbele yangu, mkasema mzee amekuwa mkali. Jambo moja limebadilika ambalo sikulitegemea: midomo ikiwa huru, wasukaji wa ng'ambo wanaongea. Wanaongea kutwa. Wanamsengenya ndoyi, jinsi alivyokuwa mbishi, alivyosukuma bakuli langu kwa mguu. Mimi nikikaa nao husuka kimya. Nikishika uzi mdomo wangu bado unataka kufunguka, nami naufunga.

Biira, wewe ndiye unayefungua bahasha zinazofika stoo, kwa hiyo utakuwa umesoma hili kabla ya wengine. Waonyeshe au usiwaonyeshe. Kwa miaka yote umewaambia watu kwamba nilikuwahi. Umelisema hata kanisani, nimekaa mstari wa mbele. Sikukuwahi. Vilikuwa vitatu, nilivihesabu, na nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema tangu cha kwanza.

Chuma nimekitia mpini mpya wa mti wa kahawa kutoka Kyondo. Sikuweza kukupa mbele ya watu wakati hujui. Mimi nipo nyumbani siku zote sasa. Ukija nitakupa mkononi. Usipokuja nitaelewa, na kazi haitasimama. Miavuli mibovu haikosekani Bwera.